Mgongo wa Mamangu Si Uongo: Historia ya Maumivu Ambayo Eksirei Haioni

Hii ni ndefu wasee, tafuta mahali uketi. Ama usiketi. Ukifika katikati utaelewa kwa nini.

Wiki iliyopita niliposti kavideo kafupi nikisema maumivu ya mgongo yaliyokaa, yale ya miezi na miaka, mara nyingi hayaishi kwa vidonge na mkanda pekee, na kwamba kuna matibabu yanayopitia akili na watu unaoishi nao. Komenti zikawaka moto. Mmoja akaandika, "Kwa hivyo shosho yangu anajifanya?" Mwingine, "Mwambie hivyo mtu wa mjengo uone." Wa tatu akacheka tu ati aliyeacha chuo anatufunza udaktari. Huyo wa tatu nimemsamehe, ni kweli niliacha chuo mwaka wa pili na sijawahi kuficha. Lakini hao wawili wa kwanza walinikosesha usingizi, kwa sababu swali lao ndilo swali aliloniuliza mamangu.

Mamangu anauza mahamri na mbaazi hapa Kinango. Saa kumi alfajiri ashaamka, anakuna nazi ameinama juu ya mbuzi, anakanda unga, anachochea moto. Halafu kuna maji. Nyinyi wa Nyali mnafungua mfereji yanatoka. Huku mfereji ukikauka, na hukauka, ni mtungi wa lita 20, yaani kilo 20, na mwendo. Mwaka wa 2021 kiuno kikaanza kumuuma. Si kile cha kuuma siku mbili kikaisha ukipaka mafuta ya kuchua. Hiki kilihamia kabisa kama mgeni asiyesema ataondoka lini.

Tukampeleka hospitali moja mjini Mombasa. Akapigwa eksirei. Daktari akainua ile picha kwenye mwanga akasema, "Mama, mifupa ya mgongo imesagika. Usiiname, usibebe kitu kizito, pumzika." Vidonge, mkanda wa kiuno, kwaheri. Dakika tano labda. Na hapa sitanii: mamangu alirudi akiwa mgonjwa kuliko alivyoenda. Lile neno "imesagika" lilimwingia. Akawa anatembea kama amebeba trei ya mayai. Akaacha kwenda chamani, ati viti vya plastiki vitamvunja. Akaacha kwenda harusini. Mwanamke wa Pwani kuacha harusi, hebu fikiria! Biashara akaachiwa dadangu, na mama akawa mtu wa kulala kitandani akihesabu mabati.

Ilipita kama mwaka na nusu ndipo akakutana na dada mmoja wa fiziotherapia, mdogo tu, pengine ananizidi miaka mitatu. Dada akamwamkia vizuri, akamkalisha, akaanza maswali. Mama, unalala vipi? Ukiinama, unaogopa nini hasa? Nyumbani kukoje? Mwaka ule mgongo ulipoanza, kulitokea nini kingine? Mama alirudi nyumbani amenuna. Akaweka mkoba chini akaniambia, "Kwa hivyo wananiona nasingizia?"

Nikaanza kusoma nikiwa na hasira. Nia yangu ilikuwa nimpate yule dada na makosa nimtetee mama. Nilichokuta ni historia ndefu na chafu, na ndani yake mama alikuwa na haki ya kukasirika na yule dada pia alikuwa na haki ya kuuliza.

Tuanze na reli. Uingereza ya miaka ya 1860 ilikuwa na treni kila mahali na ajali zake. Kulikuwa na abiria waliotoka kwenye ajali bila jeraha lolote la kuonekana, lakini baada ya siku kadhaa wakaanza kulalamika mgongo, usingizi umepotea, mikono inatetemeka. Mwaka 1866 daktari mpasuaji wa London aitwaye John Eric Erichsen akachapisha mihadhara yake akisema uti wa mgongo umetikiswa kwa ndani. Ugonjwa ukapata jina, "mgongo wa reli", na watu wakaenda kortini kudai fidia. Halafu 1883 akatokea Herbert Page na kitabu chake: wengi wa hawa, uti wa mgongo hauna kitu, ni hofu na mshtuko wa akili. Sasa uliza Page alikuwa nani. Alikuwa daktari mpasuaji wa kampuni ya reli ya London and North Western.

Kinachoudhi ni kwamba Page hakukosea kabisa. Mshtuko na hofu vinaweza kweli kuleta maumivu na kuyaweka. Ila mbele ya hakimu, neno "akili" lilikuwa na kazi moja tu: kampuni isitoe pesa. Miaka 13 baadaye Waingereza hao hao walianza kutandika reli kutoka Mombasa, ikapita Samburu na Mackinnon Road, ambazo leo ziko Kinango yetu hii. Waliletwa vibarua karibu 32,000 kutoka India. Karibu 2,500 walikufa, na zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wakiwa hawajiwezi. Unaweza kufikiria wangapi kati ya hao waliulizwa kuhusu usingizi wao.

Halafu kuna Carothers, na huyu ni wetu, yaani wa Kenya. J.C. Carothers alikuwa daktari wa serikali ya kikoloni, akapewa Mathari kuisimamia kuanzia 1938. Hakuwa amesomea magonjwa ya akili alipopewa kazi hiyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani, WHO yenyewe, likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na ndani yake akalinganisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Alidai pia huzuni ile nzito ya ugonjwa ni nadra kwetu. Mwaka uliofuata akaandika ripoti kwa serikali kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu wananyang'anywa ardhi, wanaenda msituni kupigana, na daktari anaandika shida iko vichwani mwao.

Kwa hivyo mtu wa Kinango akisikia "ni mambo ya akili" akaruka, si ushamba. Hilo neno limetumika vibaya kwetu kwa miaka mingi.

Lakini angalia kilichofuata. Mwaka 1979 Mkenya, David Ndetei, pamoja na mwenzake Muhangi, walichapisha utafiti wao wa kliniki ya kawaida mashambani Kenya, wagonjwa waliokuja wenyewe kwa miguu. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa na tatizo la afya ya akili. Hawakuja wakisema "nina huzuni". Mtu anakuja na kichwa, na tumbo, na mwili mzima kuuma. Carothers alitafuta huzuni kwa sura ya Kizungu, akaikosa, akasema haipo. Kumbe ilikuwa kwenye foleni ya Panadol.

Upande wa pili nao una makosa yake, upande wa mfupa. Mwaka 1934 huko Boston, William Mixter na Joseph Barr walionyesha kwamba diski, ile pedi laini kati ya pingili za mgongo, inaweza kupasuka ikabana mshipa wa fahamu. Huo ulikuwa ugunduzi wa kweli na watu wamesaidika. Shida ni kwamba baada ya hapo kila kiuno kikawa diski. Kisu kikawa jibu. Na asiyepasuliwa akaambiwa alale.

Miaka 60 baadaye watafiti Wamarekani wakafanya kitu rahisi sana ambacho mtu angefaa kufanya mapema. Walichukua watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo wakawapiga picha za MRI. Matokeo yalitoka 1994: waliokuwa na diski safi kabisa ni asilimia 36 tu. Zaidi ya nusu walikuwa na diski iliyotokeza nje mahali fulani. Wazima! Wanacheza tenisi huko! Kumbe "kusagika" ni kama mvi, inakuja na umri, na mara nyingi haisemi chochote kuhusu nani anaumwa. Mwaka uliofuata, Finland, wafanyakazi wa manispaa ya Helsinki walioshikwa na mgongo waligawanywa makundi matatu: kulala siku mbili, kufanya mazoezi maalum, au kuendelea na shughuli kadiri wanavyoweza. Waliopona haraka zaidi ni wale walioendelea na maisha. Wa kitandani ndio walichelewa.

Nilipomsomea mama hiyo ya watu 98, alinyamaza kidogo, akauliza, "Sasa yule daktari aliona nini kwenye picha yangu?" Nikamwambia aliona umri wako, mama. Akanitupia leso.

Sasa tuingie kwenye ubongo wenyewe, na tunaanzia vitani. Mwaka 1944 Henry Beecher, daktari wa ganzi kutoka Harvard, alikuwa na jeshi la Marekani Italia. Aliwauliza wanajeshi waliojeruhiwa vibaya, mifupa imevunjika, matumbo wazi: unataka dawa ya maumivu? Robo tatu hivi walisema hapana. Raia mwenye jeraha dogo kuliko hilo, nyumbani kwao, angelilia morphine. Beecher aliona tofauti iko kwenye maana. Kwa mwanajeshi yule, jeraha lilimaanisha natoka vitani, naenda nyumbani, niko hai. Kwa raia, jeraha ni mwanzo wa balaa: kazi, bili, watoto. Jeraha lile lile, uchungu tofauti, na hakuna kati yao anayeigiza.

Kisha kuna John Bonica, na huyu jamaa ningetaka atengenezewe filamu. Mzaliwa wa Italia, alihamia Marekani akiwa mtoto, akajilipia masomo ya udaktari kwa kupigana mieleka ya jukwaani akiwa amevaa barakoa. Mieleka ikamwachia maumivu ya maisha yote. Vita vilipokuja, akawa daktari wa ganzi kwenye hospitali ya jeshi, akagundua hakuna daktari mmoja anayeweza maumivu sugu peke yake, akaanza kuwakalisha meza moja: wa mifupa, wa neva, wa akili. Kitabu chake kilitoka 1953, mwaka ule ule wa kitabu cha Carothers. Linganisha hao wawili.

Mwaka 1965 mwanasaikolojia wa Kanada, Ronald Melzack, na Mwingereza Patrick Wall wakaeleza kwa nini Beecher aliona alichoona. Walisema kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango. Ujumbe wa maumivu unapanda kutoka mwilini, lakini lango linaweza kufunguka au kujibana, na ubongo nao unatuma amri kutoka juu: hofu inalifungua, utulivu unalibana. Mengi yameongezwa na kurekebishwa tangu hapo, ila msingi umebaki. Maumivu hayatoki mgongoni yakiwa yamekamilika. Yanatengenezwa njiani na kichwani, kwa kila mtu, kwa kila jeraha, hata ukijigonga kidole. Kwa hivyo kusema "akili inahusika" kwa mamangu hakumtoi kwenye kundi la wanaoumwa kweli.

Na yakikaa sana, mfumo wenyewe unakuwa mwepesi kupita kiasi. Unajua king'ora cha gari ambacho paka akipita tu kinalia mtaa mzima? King'ora kinalia kweli. Mwizi ndiye hayupo.

Sasa ukishajua hivyo unafanya nini? Wilbert Fordyce, mwanasaikolojia wa Seattle, aliona kitu ambacho kila mtu nyumbani kwetu angekiona kama angeangalia. Mgonjwa akishika kiuno na kuguna, anaambiwa lala, analetewa chai, anapewa kidonge. Siku akijaribu kutembea, hakuna anayesema neno. Bila mtu yeyote kupanga, nyumba nzima inafundisha mwili kuumwa. Kitabu chake cha 1976 kiligeuza hayo. Dawa inatolewa kwa saa, haitolewi kwa kilio. Zoezi lina hesabu yake: leo hatua 100, zikifika 100 unaacha hata kama unajisikia poa, na hukatizi kwenye 40 kwa sababu ya hofu. Kesho kutwa 110. Na familia inafundishwa kushangilia mwendo. Inasikika ukatili, lakini ndani yake kuna heshima fulani: mtu anachukuliwa kama anayeweza.

Gordon Waddell, daktari wa mifupa Mskoti, ndiye aliyeleta haya kwenye mgongo rasmi. Mwaka 1987 aliandika kwamba udaktari umeshindwa na mgongo kwa kuutibu kama mfupa uliovunjika, na akataka mwili, akili na jamii viangaliwe pamoja, wazo ambalo George Engel alikuwa amelitoa 1977 kwa magonjwa yote. Lakini ona alichopitia huyu Waddell. Mwaka 1980 yeye na wenzake walitoa orodha ya ishara za kumsaidia daktari kujua mgonjwa gani anahitaji msaada zaidi ya kisu. Madaktari wa bima na kesi za fidia wakaichukua, wakaigeuza kipimo cha kukamata waongo. Mwenyewe alikataa matumizi hayo mpaka akachoka. Karne nzima baada ya Page, mchezo ule ule.

Mnasema hayo ni ya Wazungu wanaokaa ofisini. Hata wataalamu walifikiri hivyo, kwamba Mwafrika anafanya kazi ya mikono, ana mgongo wa chuma. Mwaka 2007 Quinette Louw na wenzake wa Afrika Kusini walikusanya tafiti za bara hili wakakuta nusu ya watu wazima wameumwa na kiuno ndani ya mwaka mmoja. Nusu! Hiyo chuma ilikuwa hadithi tu.

Na kusema ukweli, matibabu ya kijamii hayakuletwa kwetu na meli. Wazee wetu huku Udurumani na Udigoni walikuwa na kayamba, na bado ipo. Kwa wale wa bara: kayamba ni matete yaliyofungwa pamoja na kutiwa mbegu ndani, ukiitikisa inalia kama mvua kwenye mabati. Mtu akiumwa kitu kisichoelezeka kikakataa kuisha, mganga anaitwa, wapigaji wanakuja, jamaa na majirani wanakaa usiku kucha, na pepo anaulizwa anataka nini. Mjapani Mitsuru Hamamoto amewafuatilia Waduruma wa hapa Kinango tangu miaka ya 1980. Kabla yake, 1975, Roger Gomm aliandika kuhusu wanawake wa Kidigo pwani hii ya kusini: pepo anasema yale mke hawezi kumwambia mumewe. Pepo anataka leso mpya, anataka manukato, anataka mume atoe pesa. Na mume anatoa, maana hajaambiwa na mke.

Najua kuna watakaoniandikia kuhusu dini, na nyumbani kwetu pia kayamba hairuhusiwi. Siwatumi kwa mganga. Nachosema ni kwamba kuna usiku mzima ambapo mgonjwa yuko katikati, watu wote wako pale kwa ajili yake, anaambiwa shida yako ina jina, halafu anachezeshwa mwili mpaka asubuhi. Hakuna anayemwambia lala usiiname.

Ila sitaki kuipamba. Ugonjwa ukishakuwa wa kijamii, jamii inaweza kutafuta mtu wa kulaumu. Swali la "nini kilikupata" linageuka "nani amekufanyia". Kwale na Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na wengine wanauawa na jamaa zao wenyewe wenye macho kwenye shamba. Serikali ya kikoloni ilileta sheria ya uchawi 1925 na haijamaliza hilo. Kwa hivyo mtu akinisifia mila bila kutaja hao wazee, namwona hajakaa huku.

Kuna kitu kingine kwenye neno "kijamii" ambacho nadhani kinarukwa sana. Nenda Kericho. Zaidi ya wachuma chai 1,000 waliipeleka kampuni ya James Finlay (Kenya) mahakama kuu ya Scotland, Edinburgh, wakidai kazi ya mashambani imewaharibu migongo na viungo. Kampuni ilikataa madai. Mwaka 2022 jaji aliruhusu waende kama kundi. Desemba 2023 majaji wa rufaa wakasema isimame kwanza, madai yapitie mfumo wa fidia wa Kenya chini ya sheria ya 2007 ya majeraha ya kazini. Sasa niambie, hao utawapa nini? Mazoezi ya kupumua? Mtu anayebeba mzigo kwa mshahara unaohesabiwa kwa kilo, hofu yake ya kupoteza kazi ni sehemu ya mgongo wake, na kikapu pia ni sehemu ya mgongo wake. Ukimtibu hofu ukaacha kikapu, wewe ni Herbert Page.

Hapo ndipo jamaa wa mjengo aliyenikomentia ana pointi, na nampa. Mfumo wa maji wa Kinango ni suala la mgongo. Wale wanaosubiri bwawa la Mwache wanajua nasema nini.

Desemba 2023, hiyo hiyo, WHO ilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kutibu maumivu sugu ya kiuno kwenye kliniki za kawaida. Wanapendekeza mgonjwa aelimishwe, apewe mazoezi, tiba za mikono kama kuchuliwa, na tiba ya mazungumzo inayobadilisha fikra na mazoea. Wanakataa mikanda ya kiuno na kule kuvutwa mgongo kwa mashine, na wanaonya juu ya dawa kali za jamii ya afyuni. Mikanda! Tulinunua mbili. WHO wenyewe wanasema watu milioni 619 walikuwa na maumivu haya mwaka 2020. Na tiba za akili si muujiza, nisije nikawauzia ndoto. Zinasaidia kwa kiasi, kwa wengine zaidi, na zinakwenda vizuri zikiwa pamoja na mwendo.

Tena kama kiuno kimekuja na homa, ama unakonda bila sababu, ama miguu inakufa ganzi, ama umeshindwa kuzuia mkojo, achana na mimi, kimbia hospitali leo. Hiyo si hadithi ya lango.

Kenya ilipitisha sheria ya wataalamu wa fiziotherapia na sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka mmoja, 2014. Kwenye karatasi tuko vizuri. Lakini tembea kutoka Kinango ndani kabisa uniambie umekutana na mwanasaikolojia wangapi. Watu wanaenda kwa muuza dawa wa sokoni anayekwambia ni mshipa, na kama ni mwanaume anaongeza kwamba nguvu za kiume zinaisha, kwa hivyo unaondoka na chupa na hofu mpya ambayo hukuja nayo. Lango wazi kabisa.

Sasa nirudi kwa mama. Lile swali la mwisho la yule dada, kwamba mwaka ule mgongo ulipoanza kulitokea nini kingine, mama hakulijibu siku hiyo. Alilijibu mara ya tatu alipoenda, na mimi nilikuwa nimeketi pale. Alisema, "Mwanangu aliacha chuo." Kisha akaeleza ile karo, mkopo wa chama, na jinsi alivyokuwa akikaa chamani anaona kila mtu anamtazama. Mimi nilifikiri ameacha chama kwa sababu ya viti.

Sikusema kitu njiani. Nilifikiri nimemvunja mamangu mgongo. Usiku nikamuuliza moja kwa moja kama ni mimi. Akasema kiuno kinamuuma kwa nazi, na maji, na umri, na baba yenu alivyoondoka, na karo, na yule daktari na neno lake, na kwamba mimi nisijifanye mkubwa hivyo kwenye mwili wake.

Yule dada alimpangia hesabu. Kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe wa jirani na kurudi, mara mbili, wiki nzima, kiume kiuke. Kisha mara tatu. Fundi akatuwekea meza ya kukunia nazi ukiwa umekaa kwenye kiti cha kawaida, shilingi si nyingi. Sisi nyumbani tukaambiwa tuache kumuuliza "mgongo vipi?" kila saa, tumuulize mambo mengine. Kurudi chamani kulimchukua miezi minne, na mara ya kwanza alisimama muda wote nyuma kama askari. Mkopo hatujamaliza.

Bado unamuuma. Asubuhi za baridi ya Julai ni mbaya. Ila mwezi jana alienda harusi Ng'ombeni, akarudi saa sita usiku miguu imevimba, anaimba jikoni. Na mitungi sasa ni zamu, mimi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kesho ni Jumatano, kwa hivyo komenti nitazijibu mchana.